Mihadhara Yetu Inakaa Wapi? Historia Fupi ya Mawasilisho, Kutoka Diski hadi Wingu

Wanafunzi wanaojiunga na idara yetu miaka hii hawaulizi tena, "Mwalimu, tukuletee flashi?" Wanauliza, "Mwalimu, utatutumia kiungo?" Badiliko hilo la maneno lina historia yake, nayo haijaandikwa sana kwa Kiswahili. Katika makala hii tunakusudia kuifuatilia kwa ufupi: jinsi programu za kuandalia mawasilisho zilivyozaliwa zikiwa za kukaa ndani ya kompyuta ya mtu mmoja, jinsi zilivyoanza kuhamia mtandaoni katikati ya miaka ya 2000, na jinsi uhamisho huo ulivyotufikia sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda. Katika vikao vya walimu jambo hili hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la ladha au la bei. Sisi tunaona kwamba swali kubwa ni jingine. Mhadhara ulioandaliwa kwa jasho unakaa wapi, na ufunguo wa mahali hapo anao nani?

Tukirudi nyuma kidogo, tunakutana na karatasi angavu. Hizi ni zile karatasi za plastiki zilizowekwa juu ya mashine yenye taa na kioo, maandishi yakatokea ukutani. Kampuni ya 3M ya Marekani ilizieneza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika vyuo vyetu zilitumika hadi miaka ya 2000. Mwalimu aliziandika kwa kalamu ya wino mzito, akazifunga kwa mpira na kuziweka drooni. Somo lilikaa mahali pamoja panapojulikana. Balbu ikiungua, somo lilibaki karatasini.

Ikumbukwe kwamba hata PowerPoint, ambayo wengi huidhani kuwa adui wa karatasi angavu, ilibuniwa ili kuzitengeneza. Mwaka 1984 Robert Gaskins alijiunga na kampuni ndogo iliyoitwa Forethought, huko Sunnyvale, California. Gaskins alikuwa amesomea Kiingereza, isimu na sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley (wenzetu wanaodhani kuwa isimu haina kazi nje ya chumba cha mihadhara na walizingatie hilo). Yeye pamoja na mwandaaji programu Dennis Austin, aliyefariki mwaka 2023, na Tom Rudkin aliyewafuata, walitengeneza programu waliyoiita kwanza Presenter. Jina hilo likawa tayari lina mwenyewe, wakalibadili. PowerPoint ya kwanza ilitoka Aprili 1987 kwa kompyuta za Macintosh peke yake, ikiwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na kazi yake ilikuwa kuchapa kurasa ambazo zingegeuzwa kuwa karatasi angavu. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, Microsoft iliinunua Forethought kwa dola milioni 14. Toleo la Windows lilifuata mwaka 1990. Ni kwenye toleo la tatu, mwaka 1992, ndipo programu hiyo ilipoweza kupeleka picha moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye projekta.

Kwetu hayo yalichelewa. Projekta zilianza kuonekana vyuoni kwa wingi kidogo katika miaka ya 2000, na hata hapo idara kadhaa ziligawana moja, ikiandikiwa zamu katika daftari. Kipindi hicho ndicho tunachokiita hapa kipindi cha diski, na kinastahili kuelezwa vizuri kwa sababu wanaokisifu siku hizi wamesahau mengi.

Kwanza mhadhara ulikaa kwenye diski laini, ambayo haikuweza kubeba zaidi ya megabaiti 1.44. Picha moja ya msikiti wa Kilwa ilitosha kuijaza. Baadaye zikaja CD, kisha flashi. Flashi ilizunguka kutoka mgahawa wa intaneti hadi ofisini, kutoka ofisini hadi kompyuta ya ukumbi, na kila ilipochomekwa iliokota virusi. Mwalimu angeifungua mbele ya wanafunzi 80 akakuta majina ya faili zake yamegeuka kuwa njia za mkato zisizokwenda popote. Pili, mwanzoni mwa mwaka 2007 ilitoka Office 2007 na aina mpya ya faili. Aliyeandaa somo kwa toleo jipya nyumbani alifika chuoni penye toleo la 2003, na somo likakataa kufunguka hadi kompyuta hiyo iwekewe nyongeza ambayo mara nyingi haikuwa imewekwa. Tatu, tuseme ukweli, nakala nyingi zilizokuwa kwenye kompyuta za eneo hili hazikuwa na leseni. Bei ya leseni moja ilikuwa sawa na sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi.

Isitoshe, programu zenyewe hazikutujua. Somo zima la ngeli lilitokea likiwa limepigiwa mistari myekundu kila neno, kana kwamba mwalimu hajui kuandika. Palikuwa na jitihada za kuliondoa hilo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na programu ya mawasilisho. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa kutafsiri bidhaa zake. Jitihada hizo ziliacha hazina ya istilahi ambayo bado tunaifundishia. Hata hivyo, matumizi ya Jambo OpenOffice katika madarasa ya mipakani na ng'ambo ya mipaka hayakuwa makubwa. Kwa maoni yetu, sababu yake ni kwamba mwalimu huchagua programu ambayo mwenzake anayo, hata kama menyu zake si za lugha yake.

Kuna neno moja la kipindi hicho ambalo tunalikumbuka kuliko mengine yote, nalo ni "kuhifadhi". Umeme ulipoyumba, ukumbi mzima ulimpigia mwalimu kelele: "Umehifadhi?" Ilikuwa karibu salamu. Leo kazi ya mtandaoni hujihifadhi yenyewe kila herufi inapoandikwa, na wanafunzi wetu wa istilahi hutuuliza kwa nini alama ya kitendo hicho ni picha ya diski laini, kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Sasa tuje kwenye uhamisho wenyewe. Vivinjari vilipoweza kubadilisha sehemu ndogo ya ukurasa bila kuupakia upya wote, iliwezekana kuandika ndani ya ukurasa wa mtandao kama unavyoandika katika programu ya kawaida. Kampuni ya Zoho ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. SlideShare ilianza mwaka 2006, si kwa kuandalia bali kwa kuwekea mawasilisho yaliyokwisha kuandaliwa. Google ilinunua kampuni mbili ndogo mwaka 2007, Tonic Systems mwezi Aprili na Zenter mwezi Juni, na Septemba ya mwaka huo ikafungua huduma yake ya mawasilisho, ambayo tangu mwaka 2012 inaitwa Google Slides. Mwaka 2009 vijana wa Budapest, Hungaria, akiwemo msanifu majengo Adam Somlai-Fischer, walileta Prezi, iliyoacha slaidi zinazofuatana na kutumia turubai moja kubwa ambayo mtazamaji huisogelea na kuiacha. Microsoft, iliyokuwa na mengi ya kupoteza, ilifungua PowerPoint ya ndani ya kivinjari mwaka 2010. Canva ilitoka Australia mwaka 2013.

Uganda haikufuata mara moja, na sababu haikuwa uvivu wa walimu. Hadi katikati ya mwaka 2009 pwani nzima ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na dunia, huduma ya polepole na ya bei ya kuumiza. Kebo ya Seacom ilianza kazi Julai 2009 ikitua Mombasa na Dar es Salaam, ikafuatwa na TEAMS Mombasa na baadaye EASSy mwaka 2010. Sisi tusio na bahari tulipata sehemu yetu kupitia nyaya za nchi kavu kutoka kwa majirani. Intaneti ikawa ya kasi zaidi, lakini mwanafunzi aliendelea kununua data kwa vifurushi vidogo vya siku. Kisha, tarehe 1 Julai 2018, serikali ikaweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Google Slides haikuguswa, ila viungo vya masomo vilikuwa vikipitia WhatsApp, kwa hiyo kodi ilikaa mlangoni. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe.

Kilichotuhamisha kwa nguvu ni ugonjwa. Taasisi zote za elimu nchini zilifungwa kuanzia tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho pekee waliruhusiwa kurudi Oktoba 15. Flashi haikuweza kusafiri kutoka Kampala hadi Arua au Kabale. Kiungo kiliweza. Walimu waliokuwa wameikataa Google Slides kwa miaka kumi walijifunza kuitumia kwa wiki mbili, na wengi hawakurudi tena kwenye diski hata vyuo vilipofunguliwa.

Faida tuliyoipata hatukuitarajia, na sisi walimu wa lugha tumeipata kuliko wahadhiri wa masomo mengine. Katika wasilisho la mtandaoni wanafunzi watano huandika pamoja, na programu huweka kumbukumbu ya kila badiliko, saa na mwandishi wake. Tulipoanza kuzifungua kumbukumbu hizo tuliona sarufi ikifanya kazi. Mmoja ameandika: "Kitabu yangu imepotea." Mwenzake amerekebisha: "Kitabu changu imepotea." Baada ya dakika chache wa tatu amemalizia: "Kitabu changu kimepotea." Mfuatano kama huo tumeukuta tena na tena kwa wanafunzi ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu au ya nne: upatanisho wa kimilikishi hutengemaa mapema, wa kitenzi huchelewa. Kwenye karatasi ya mtihani tulikuwa tukiona kosa au sahihisho. Njia ya kati yao ilifutwa kwa raba. Sasa njia hiyo inaonekana, na mwalimu mwenye subira anaweza kuipangia somo.

Lipo jambo ambalo uhamisho haukuliponya. Mwaka 2003 Edward Tufte, mtaalamu wa Marekani wa uwasilishaji wa takwimu, aliandika insha kali dhidi ya PowerPoint akidai kwamba vitone vyake hukatakata fikra. Mwaka huo huo bodi iliyochunguza ajali ya chombo cha angani Columbia ilikosoa namna wahandisi walivyotegemea slaidi badala ya ripoti kamili. Vitone vimehamia mtandaoni pamoja na mizigo mingine, na katika Kiswahili madhara yake yana sura ya pekee. Kitenzi chetu hubeba kiambishi cha nafsi au cha ngeli kinachoelekeza nyuma kwenye nomino. Mwanafunzi anaandika kitone: "Zimegawanyika katika makundi mawili." Zipi? Nomino aliiacha kwenye slaidi iliyopita, na msomaji anayefungua kiungo usiku bila mwalimu haioni. Tunawashauri wanafunzi wetu kwamba kila slaidi iwe na nomino yake, hata kama itaonekana imerefuka.

Turudi kwenye swali la ufunguo. Mwaka 2008 kampuni ya 280 North ya Marekani ilitoa 280 Slides, huduma ya mtandaoni iliyosifiwa sana kwa urembo wake. Motorola iliinunua kampuni hiyo mwaka 2010, na baadaye huduma ikafungwa. SlideRocket ilinunuliwa na VMware mwaka 2011, ikauzwa kwa ClearSlide mwaka 2013, ikatoweka nayo. Prezi haikufa, lakini toleo lake la zamani lilisimama juu ya Flash, teknolojia ambayo Adobe iliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020, na wenye kazi za zamani walitakiwa kuzihamishia kwenye toleo jipya. Hata Google, ambayo ilivipa vyuo nafasi isiyo na kikomo bila malipo, ilitangaza Februari 2021 kwamba kuanzia Julai 2022 chuo kizima, na watu wake wote, kitagawana terabaiti 100. Kwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi na mihadhara iliyorekodiwa kwa video tangu UVIKO-19, hiyo si nafasi kubwa.

Mitandao nayo ina wenyewe. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini Uganda na ikarejeshwa tarehe 18. Ambaye mhadhara wake ulikuwa mtandaoni peke yake hakuwa na mhadhara kwa siku hizo. Google Slides ina njia ya kufanya kazi bila mtandao, tangu mwaka 2013, lakini lazima uiwashe ukiwa bado una mtandao, na wachache ndio huwaza hivyo mambo yakiwa shwari. Tarehe 12 Mei 2024 hapakuwa na agizo la mtu yeyote; kebo za EASSy na Seacom ziliharibika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Uganda na Tanzania kwa siku kadhaa.

Yote hayo hutokea mbali nasi. La karibu zaidi ni akaunti za wanafunzi. Katika chuo kimoja cha ukanda huu ambacho hatutakitaja, akaunti ya mwanafunzi hufungwa muda mfupi baada ya mahafali, na kila alichokiandika humo hufutwa. Mwenzetu mmoja anayefundisha huko alikuwa akiwatuma wanafunzi wake vijijini kwao kukusanya methali na vitendawili pamoja na tafsiri zake za Kiswahili, nao wakaziwasilisha kwa slaidi zilizokuwa mali ya akaunti zao. Kazi ya miaka mitatu. Alipotaka kuitumia kuandalia kijitabu, viungo vyote vilimwambia kwamba faili haipo.

Tunaliona hilo kuwa zito kwa sababu ya hali ya Kiswahili nchini mwetu kwa sasa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kipendekezwe kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wanahitajika kwa wingi, na vitabu vya kiwango cha chuo vinavyomlenga mwanafunzi wa Uganda, vinavyojua kwamba anatoka kwenye Kiganda, Kilango au Kirunyankole, ni vichache mno. Pengo hilo tunaliziba kwa mawasilisho yetu wenyewe. Slaidi za fonolojia linganishi za mhadhiri mmoja zinaweza kuwa ndiyo maandishi pekee ya aina yake. Zikipotea hakuna duka la vitabu la kwenda kuuliza.

Hatusemi turudi kwenye diski. Hakuna anayetamani virusi vile wala zile zamu za projekta, na faida ya kuandika pamoja tumeieleza. Tunachoomba ni kwamba kazi ifanyiwe mtandaoni na nakala yake isikae huko peke yake. Katika Google Slides fungua orodha ya Faili, chagua kupakua, upate nakala mbili: moja ya PowerPoint, inayoweza kuhaririwa, na moja ya PDF, ambayo itafunguka hata kwenye kompyuta isiyo na programu yoyote ya mawasilisho. Canva huruhusu zote mbili pia, ingawa mpangilio wa maandishi huvurugika kidogo katika ile ya kwanza. Kumbukumbu za mabadiliko hazishuki pamoja na nakala hizo. Anayezihitaji kwa utafiti wa makosa ya wanafunzi hana budi kuzinakili mapema, ukurasa kwa ukurasa, akiwa na ridhaa ya wanafunzi wenyewe.

Idara imetenga diski kuu mbili za nje kwa ajili ya kazi hii. Moja itakaa ofisini na nyingine maktabani. Walimu, wanafunzi wa sasa na hata waliohitimu, walio na mawasilisho ya somo lolote la Kiswahili, yawe ya mwaka huu au ya enzi za Office 2003, wanaombwa kuyaleta katika ofisi ya idara siku za kazi kabla ya saa nane mchana. Kila faili ipewe jina la somo, mwaka na mwandishi. Walio na karatasi angavu nao wasizitupe, tunazipiga picha.